Siku Nilipomfanya Mwanangu Daktari kwa Pointi Kumi na Tatu

Mkicheka nawaomba mcheke polepole, maana wengine wenu mlikuwepo kanisani siku ile, mkaniona nimesimama mbele na koti jeupe mkononi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa, na ambao hamkuwepo najua mmeshasimuliwa, tena kwa chumvi nyingi, kwa hiyo leo nasema mwenyewe kwa mdomo wangu, walau aibu yangu iwe na maelezo sahihi. Aibu ninayo, sikatai. Hata leo nikipita mbele ya kanisa nikiwa peke yangu huwa naongeza mwendo.

Mnanifahamu. Naishi hapa Bujonde, mume wangu analima mpunga na kakao, mimi napeleka mchele sokoni Kyela mjini. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nikapata divisheni foo (na pointi zangu sikuwahi hata kuuliza ni ngapi, niliona foo nikafunga ukurasa), lakini kwa mtaa wetu hiyo ilitosha kunifanya mimi ndiye msomaji. Mtu akipewa cheti cha hospitali ananiletea, ujumbe wa simu wa Kiingereza ananiletea, na mimi nasoma, na pale nisipoelewa, jamani, napachika. Niliyapachika mengi miaka yote hiyo na hakuna aliyeumia, ndiyo maana nikazoea.

Sasa mwanangu wa kwanza, Atupele, alimaliza kidato cha sita, masomo yake Fizikia, Kemia na Biolojia. Alipomaliza mtihani akaenda kukaa kwa bibi yake, mama yangu mzazi, ambaye ni Mkisi wa kule kandokando ya ziwa kupita Matema, mfinyanzi wa vyungu, mahali ambapo mtandao wa simu unakuja ukijisikia. Akaniachia namba yake ya mtihani nimtunzie. Basi Ijumaa moja wakati wa mavuno habari zikaenea kwamba matokeo yametoka. Nikamwambia baba yake, ambaye alikuwa anageuza kakao juani.

"Mwache arudi ayaone mwenyewe," akasema, hata kichwa hakuinua. "Ni ya kwake."

Nikasema sawa. Nikaingia jikoni, nikakaa nyuma ya gunia la mchele, nikafungua simu.

Hapo ndipo ilipoanzia. Laiti ningeacha kile kisimu mezani nikachambua mboga.

Nikalipata jina la shule, nikateremka mpaka kwenye namba ya mwanangu, nikaona divisheni III, na mbele yake namba 13. Ile III ilinishtua kidogo, kusema kweli, kwa sababu hata mimi najua kwamba moja iko juu ya tatu. Lakini nikajiambia kwamba divisheni ni mambo ya shule ya sekondari, chuo kikuu wao wanaangalia pointi (nani aliniambia? hakuna, nilijiambia mwenyewe nikajiamini). Nikafungua mwongozo wa kujiunga na vyuo, ukurasa baada ya ukurasa, Kiingereza kitupu, mimi naokota maneno kama kuku anavyookota mchele. Nikafika kwenye udaktari. Nikaona Fizikia, Kemia, Biolojia, masomo ya mwanangu yote matatu! Nikaona maneno ya kiwango cha chini kabisa, na pembeni namba sita. Pointi sita. Kulikuwa na maneno mengine yanaendelea, habari ya kila somo lisishuke chini ya D, lakini huko sikufika, maana kichwa changu kilishafanya hesabu: wanataka sita, mwanangu ana kumi na tatu. Amezidisha mara mbili na akabakiza.

Niwaambie kitu ambacho siku ile sikukijua na leo nakijua. Mimi nilipokuwa msichana nilitaka kuwa muuguzi. Sikumwambia mtu, na ile foo ilipokuja nikalitupa hilo jambo nikaolewa, nikasahau, au nilidhani nimesahau. Nilipoiona ile sita nyuma ya gunia la mchele sikuwa nasoma matokeo ya Atupele peke yake. Nilikuwa nasoma na ya kwangu.

Nikaandika kwenye kundi la wasapu la akina mama wa kanisa: "Mungu ametenda. Atupele amepata pointi 13, udaktari wanataka 6." Nikabonyeza. Simu ikaanza kulia na haikunyamaza mpaka ikaisha chaji.

Jioni ile ile akaja jirani yangu, Mama Lusajo, rafiki yangu tangu nimeolewa hapa, mwanamke mpole ambaye darasa la saba ndilo mwisho wake na hana aibu nalo. Mwanawe Lusajo alimaliza kidato cha sita pamoja na Atupele, ila yeye alichukua Hisabati mahali pa Biolojia. Mama wa watu alikuwa anang'aa.

"Lusajo anasema amepata saba," akaniambia. "Anaruka ruka tu nyumbani. Mimi sielewi, nimeona nije kwako mwenye kujua. Saba ni nzuri?"

Jamani. Mimi nikamshika mkono. Nikamvuta akae. Nikaweka ile sauti ya kutolea habari za msiba, nikamwambia, "Usivunjike moyo, mwenzangu. Saba ni ndogo, lakini inavuka. Wanataka sita. Mwambie tu ashukuru hivyo hivyo."

Akaangalia mikono yake. "Basi mimi nilishapika wali kwa furaha," akasema.

"Kuleni tu," nikamwambia, "si mtoto amejitahidi?"

(Hapo ndipo huwa nataka ardhi inimeze, nikifika hapo kwenye kusimulia. Siyo kanisani. Hapo.)

Jumamosi asubuhi akaingia wifi yangu Esnath, dada wa mume wangu aliyeolewa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, mfanyabiashara wa vitenge ambaye anavuka mpaka pale Kasumulu kama mnavyovuka nyinyi uani kwenda kisimani. Nilikuwa nimempigia Ijumaa. Akashuka na furushi, akalifungua sebuleni, ndani kuna koti jeupe la daktari, lina mifuko miwili na mfuko wa kalamu kifuani, limepigwa pasi.

"Nimemkalia fundi usiku kucha," akasema, "shangazi wa daktari haji mikono mitupu." Kisha akakaa, akanywa chai, akaniuliza, "Ila wifi, umesema kumi na tatu? Maana kwetu Malawi pointi zikiwa nyingi mtoto analia. Anayepata sita ndiye anayebebwa mabegani."

"Huko ni Malawi," nikamwambia. "Huku ni Tanzania."

Mume wangu, ambaye alikuwa mlangoni anavua viatu, akasema, "Na Atupele mwenyewe amesemaje?"

Sisi tulikuwa tunapanga idadi ya kuku wa sherehe.

Mchana huo ndipo Atupele akapiga. Ilikuwa siku ya soko la Lyulilo, alikuwa amekuja kwa mtumbwi pamoja na bibi yake kuuza vyungu, na pale Lyulilo ndipo simu yake ikapata mtandao na ujumbe wote ukamwangukia kwa pamoja. Nilisikia kelele za sokoni nyuma yake.

"Mama, nisikilize kwanza," akasema.

"Nakusikia daktari wangu! Panda gari la asubuhi sana, njoo moja kwa moja kanisani, shukrani yako ni kesho, mchungaji ameshatangaziwa!"

"Mama, siyo hivyo. Mama, ile kumi na tatu..."

"Utayasema yote mbele ya kanisa, mwanangu, usiyamalize kwenye simu!" Nikacheka sana, nikakata, maana wali ulikuwa unaungua.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilivaa kitenge kipya, wifi kitenge kipya, tumekaa mstari wa mbele, koti liko mapajani mwangu limekunjwa vizuri. Atupele akaingia ibada imeshaanza, ana vumbi la barabara ya Matema mpaka kwenye nyusi, macho yamevimba kidogo (nikasema ni vumbi), akakaa karibu nami akaninong'oneza, "Mama, tutoke nje kidogo." Nikampigapiga goti. Nikamwambia asiogope, kuongea mbele za watu kila mtu anaogopa.

Kipindi cha shukrani kikafika. Mchungaji akatuita. Kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikalikunjua koti nikalishika mabegani tayari kumvika, na mchungaji akasema binti yetu, daktari wetu, atupe neno moja. Akampa kipaza sauti.

Atupele akakisogeza mdomoni. Kisha akasalimia, "Mugonile," na kanisa lote likaitikia.

"Ndaga fijo kwa upendo wenu," akasema. "Nashukuru kweli. Lakini naomba nisivae koti hili."

Nilidhani ni unyenyekevu. Nikasogea nalo.

"Mama, naomba," akasema, taratibu, na kipaza sauti kikalibeba mpaka nje. "Kumi na tatu yangu siyo nyingi. Kwenye matokeo yetu A inahesabiwa moja, B mbili, C tatu, inaendelea hivyo, mpaka E ambayo ni tano. Wanajumlisha masomo matatu. Mwenye A zote ana tatu, na hakuna aliye juu yake. Mimi nina C ya Biolojia, Fizikia E, Kemia E. Tatu, tano na tano. Ndiyo hiyo kumi na tatu."

Mwalimu wa kwaya, ambaye naye ana binti shuleni, akauliza kutoka kwenye kiti chake, "Sasa ile sita ya udaktari ni ipi?"

"Chuo wanageuza," Atupele akajibu. "Kwao A inakuwa tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Kwa hesabu ya chuo mimi nina tano. Udaktari wanataka sita au zaidi, na kila somo lisiwe chini ya D. Mimi nina E mbili. Sijafika." Akanyoosha mkono kwenye kwaya. "Aliyefaulu sana hapa ni Lusajo. Saba yake ni divisheni wani. Chuo wakiigeuza ni kumi na moja."

Wifi Esnath, ambaye hajui kunong'ona, akasema, "Si niliuliza!"

Na mimi nimesimama pale. Koti limeshikwa mabegani halina mtu ndani yake. Sikujua nilishushe, nilikunje, nilivae mwenyewe, nilifanyeje, na kila nilipogeuka naona macho ya watu niliowasomea vyeti vyao vya hospitali, na nikajua kabisa kwamba wameanza kujiuliza. Nikamtafuta Mama Lusajo. Alikuwa ananiangalia. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeuziwa kitu na rafiki yake halafu anakifungua nyumbani. Kisha akainuka, akapita katikati ya watu mpaka nyuma kwenye kwaya alipokaa mwanawe na waimba besi, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakiegemeza tumboni kwake, akalia.

Mchungaji ni mtu mzima. Akachukua kipaza sauti, akasema, "Basi tumshukuru Mungu kwa watoto wote wawili, na tumwombe atufundishe hesabu sisi wazazi." Kanisa likapasuka kwa kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanya nini? Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakutaka kusimama.

Kuku walishachinjwa, samaki wa mbasa walishakaangwa, wali umeiva, kwa hiyo watu walikuja nyumbani wakala (hilo hamkulikosa). Walikuwa hawajui waseme hongera au pole, wengine wakasema zote mbili. Mzee mmoja mwenye masikio mazito akanishika mkono akanipongeza kwa kuzaa daktari, na mimi nikamjibu, asante mzee, kwa sababu nilishachoka.

Wageni walipopungua nikamkuta Atupele uani anasugua sufuria. Nikachukua nyingine nikakaa naye. Tulisugua muda mrefu.

"Umenikasirikia?" nikamuuliza.

"Jana pale Lyulilo," akasema, "nilipoyaona matokeo, nilienda nyuma ya vyungu vya bibi nikalia kwa sababu ya zile E. Nilikuwa bado nalia simu ikaanza kuniita daktari. Watu wengi sana, mama. Sikupata hata nafasi ya kumaliza kulia." Akamwaga maji. "Na ile C ya Biolojia niliitafuta kwa shida. Kidato cha tano nilikuwa napata F. Hakuna hata mmoja aliyenipa hongera ya C."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa nilichofanya. Kuaibika kwangu kulikuwa kitu kidogo. Mwanangu alikuwa amebeba kitu chake halisi, chenye uzito wake, kibaya kidogo na kizuri kidogo, mimi nikampora, nikampachika changu, nikataka kumvika mbele ya watu. Nikamwambia, "Hongera kwa C." Ilitoka kwa sauti ndogo. Akaniangalia kuona kama natania, akaona sitanii, akasema, "Asante, mama."

Kabla giza halijaingia nikaenda kwa Mama Lusajo. Nilimkuta mlangoni na mumewe na Lusajo mwenyewe. Nikasema nilichokwenda kusema, kwamba nilisoma nisichokijua na nikakisema kama nakijua, na nimewaharibia furaha yao. Baba Lusajo alikuwa anaangalia chini. Kumbe Ijumaa ile, baada ya mkewe kurudi kutoka kwangu, alimgombeza kijana, akamwambia mwenzio kumi na tatu wewe saba unarukaruka nini, na kijana alipojaribu kueleza akaambiwa anatafuta visingizio.

"Lakini Lusajo," nikamwambia, "ungekuja kwangu ukaniambia. Ningekusikia." (Nisingemsikia. Lakini nilisema hivyo.)

"Nilijua umekosea, mama," akasema. "Ila ningesema, ningekuwa namtangaza Atupele kabla yeye hajajua. Nikaona bora nigombezwe."

Mtoto wa miaka ile.

Mama Lusajo akasema, "Mimi nilikuamini wewe kuliko mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma, wala si lako peke yako." Na tukaishia hapo. Ilichukua muda kabla hajaja tena kwangu kukaa jikoni. Alikuja siku moja kuazima ungo, akakaa, tukachambua mchele pamoja bila kusema mengi, na tangu hapo tuko sawa, au karibu na sawa.

Atupele alinikalisha na ule mwongozo, safari hii yeye anasoma mimi nasikiliza. Akanieleza kwamba kozi nyingi zinaangalia masomo mawili yale yanayohusika, na zinataka pointi nne: Biolojia yake tatu, Kemia moja, nne hiyo hapo, bila hata nusu ya ziada. Nikauliza sasa utasomea nini. Akasema ufugaji wa samaki, tena kwa sauti ya mtu aliyekuwa na jibu siku nyingi akingojea kuulizwa. Nikamuuliza tangu lini unapenda samaki. Akasema, "Mama, nimekulia kwa bibi kila likizo, ulidhani nilikuwa naangalia nini?" Sasa yuko mwaka wa kwanza. Lusajo naye yuko chuo, uhandisi, na mama yake ana picha yake kubwa sebuleni ambayo mgeni hawezi kuikwepa. Koti wifi alilirudisha Karonga, akamuuzia muuza nyama.

Mimi sijaacha kusomea watu, mjue. Ila siku hizi nisipoelewa nasema sijaelewa, na mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu aliyenitegemea lilinikwama kooni kama mwiba wa mbasa. Na matokeo ya mtoto wa mtu, wa kwangu au wa mwingine, niliapa sitayafungua tena mwenyewe akiwa hayupo.

Mwaka huu yalipotoka, mama mmoja wa huku chini alinijia mbio, simu mkononi, namba ya mwanawe ameiandika kiganjani. Nikamuuliza mwanao yuko wapi. Akasema yuko Talatala, kwa mjomba wake, anavuna. Akanisukumia simu, akasema soma tu wewe, mimi moyo wangu hautangoja.

Nikaiweka simu kwenye mfuko wake mwenyewe, nikavaa kandambili, nikamwambia twende tukamfuate.